Uswahilini, Neno Nililoliandika kwenye Ramani

Vijana wa afya mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie machache kabla sijasahau. Barua yangu inasema nimepunguzwa kazini. Mke wangu anawaambia watu nimestaafu. Jirani yangu, ambaye hanipendi sana, anasema nimerudishwa nyumbani. Jambo ni moja, majina ni matatu, na kila jina lina mtu anayelifurahia. Nimekuwa bwana afya katika Wilaya ya Karagwe tangu 1978, na ninayotaka kuwaeleza ni habari za jina pia. Za vyeo sitaandika. Vyeo viko kwenye mafaili, na panya wameshavisoma.

Nilifika kwenye mji wetu mdogo nikiwa juu ya lori la kahawa. Mji sitautaja, kwa kuwa wanaohusika bado wanakwenda sokoni. Nilikuwa na sanduku la bati, buti za mpira, na cheti nilichokifunga kwenye gazeti kisilowane. Mkuu wangu, Mzee Evodi, alinisubiri mlangoni pa ofisi. Alikuwa mtu wa maneno machache na koti moja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha badala ya kunionyesha meza yangu akanikabidhi kamba yenye mafundo, na jiwe limefungwa mwishoni.

"Unajua hii ni nini?"

"Kamba, mzee."

"Hiyo ndiyo ofisi yako. Twende."

Kutoka fundo hadi fundo ilikuwa futi moja. Tuliteremsha jiwe kwenye mashimo ya vyoo tukihesabu mafundo mpaka kamba ilegee, na Mzee Evodi alikuwa akijua kina kwa mkono tu, kabla sijamaliza kuhesabu. Siku hiyohiyo alinifundisha jambo ambalo nawaachia na ninyi. Usimwulize mtu kama ana choo. Mwulize choo kiko upande gani. Ukimwuliza kama anacho, atakujibu anacho, na uongo huo utakuwa wako, si wake.

Chini ya soko kulikuwa na bonde, na bondeni kulikuwa na nyumba za fito na udongo zilizosongamana kama watu wanaojikinga mvua. Waliokaa kule wengi walikuwa vibarua waliotoka Rwanda na Burundi, wengine wakiwa wamezaliwa huku huku. Walikuwapo wajane walionyang'anywa mashamba na shemeji zao, na watu waliouza urithi wao kwa shida. Vita ilipoanza upande wa mpakani, mwishoni mwa mwaka wangu wa kwanza, wakaongezeka wengine waliokimbia na godoro kichwani, na si wote waliorudi. Kazi yao kubwa ilikuwa kufyatua matofali. Udongo wa bonde lile ni mfinyanzi mwekundu, mzuri sana. Soko, shule, nyumba za watumishi, vyote vilijengwa kwa matofali yao. Wao wenyewe walilala kwenye udongo mbichi, maana tofali lililochomwa lilikuwa la kuuza.

Lazima mwelewe jambo moja, hasa mliotoka mikoa mingine. Kwetu, mtu ni kibanja, yaani shamba lake la migomba. Ukiulizwa wewe ni nani unaonyesha migomba yako, na mibuni iliyo chini yake, na kaburi la babu yako katikati. Mtu anayenunua ndizi sokoni, hata akivaa suti, huonewa huruma. Watu wa bondeni walinunua ndizi, tena moja moja, si mkungu.

Chuoni, mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba mji wa zamani ulikuwa na sehemu tatu, yaani Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni kulikuwa na miti na upepo, Uhindini maduka, na Uswahilini wale waliobaki. Nikapewa kazi ya kuchora ramani ya usafi ya mji wetu, ramani ya kwanza. Wazungu hatukuwa nao ila misheni, na Mhindi wa mwisho alikuwa amekwishafunga duka. Lakini nilitaka ramani yangu ifanane na za vitabuni. Nikachukua kalamu ya wino mweusi, na juu ya lile bonde nikaandika kwa herufi kubwa, USWAHILINI.

Mzee Evodi aliitazama kwa muda mrefu.

"Umewahi kusikia watu wangapi wakizungumza Kiswahili kule chini?"

Ni kweli. Pale ndipo Kiswahili kilipokuwa haba kuliko mahali pengine popote mjini. Ungesikia Kinyarwanda, Kirundi, Kinyambo, na Kiswahili cha kuombea kazi tu. Lakini kwa Kiswahili cha nchi hii neno hilo halimaanishi lugha. Linamaanisha maji machafu, kelele, nyumba zinazogusana mabati. Na watu wa mlimani walikuwa na maana yao ya ziada. Kwao, "Mswahili" ni mtu asiye na asili, mjanja, anayeishi kwa maneno kwa sababu hana migomba. Kwa hiyo neno langu lilipokelewa kwa furaha. Ramani ikatundikwa ofisini. Baada ya miaka miwili hata barua za serikali ziliandika Uswahilini. Mtoto akiwa mchafu shuleni aliulizwa kama ametoka Uswahilini. Nami niliona fahari, nisiwafiche. Ni watu wachache wanaopata kuupa mji jina.

Miaka ya themanini ilipofika katikati, akaletwa Adventina.

Alikuwa binti wa wakulima wa Nyakatuntu, Walutheri, mwembamba, mwenye kucheka kwa sauti. Alisomea afya miaka mingi baada yangu na alijua mambo mengi niliyokuwa sijafundishwa. Hilo ningelivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni jinsi alivyopendwa. Mimi nilikuwa nimeteremka bonde lile kwa miaka saba, na nilipofika watu walisimama wima kama wanaokaguliwa na jeshi. Yeye alipofika mara ya tatu tu, wanawake walimpa kigoda akae. Mama mmoja, Spesioza, mke wa fundi wa matofali aliyeitwa Bukuru, alimletea viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari langu. Spesioza alinitazama, akasema kwa adabu, "Karibu, Bwana Afya," lakini jani lilikuwa limeshafika mikononi mwa Adventina. Aligawa kiazi chake akanipa nusu. Nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa mpaka masikio yanalia.

Wivu wa kazini ni tofauti na wivu wa mapenzi. Wa mapenzi angalau unaweza kuusimulia kwenye pombe ya rubisi na wenzako wakakununulia kibuyu. Huu hauna pa kuupeleka. Nilianza kuhesabu nani anamsalimia kwanza tukipita wawili. Nilichunguza mwandiko wake nikitafuta makosa. Niliposikia kicheko chake kwenye chumba cha pili nilijua, bila ushahidi wowote, kwamba ananicheka mimi.

Kisha Mzee Evodi akastaafu. Alikuwa na pima maji ya mbao nzito na shaba, aliyokuwa nayo tangu enzi za mkoloni. Hiyo ndiyo tuliyotumia kupimia mtelemko wa mifereji. Miaka yote ile nilijua itakuwa yangu. Nilikuwa nikiifuta vumbi kila Ijumaa. Siku ya kuagana, mbele ya watumishi wote, akamkabidhi Adventina.

Baadaye nilimfuata njiani. "Mzee, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea," akasema. "Wewe unajua kupima. Yeye anajua kuuliza." Akapanda baiskeli yake akaenda kwake Rugera, akaniacha barabarani na jibu ambalo nililichukia kwa muda mrefu.

Na kweli aliuliza. Siku moja nilimkuta mbele ya ramani yangu na penseli. Chini ya USWAHILINI alikuwa ameandika neno dogo, Matofalini.

"Unaiharibu ramani," nikamwambia.

"Ni penseli tu, kaka Novati. Niliwauliza wanapaitaje. Wanasema Matofalini. Hakuna hata mmoja kule anayesema anaishi Uswahilini. Wanasema hilo ni neno la kutukaniwa."

"Hawakuwahi kuniambia."

"Uliwahi kuwauliza?"

Aliuliza kwa upole. Ingekuwa kwa ukali ningejua pa kushika. Alipotoka nikachukua kifutio nikalifuta lile neno, nikasugua mpaka karatasi ikachanika kidogo. Nawaambia haya nikiwa na mvi. Mtu mzima, mtumishi wa serikali, baba wa watoto wanne, nikisugua karatasi kwa hasira.

Mwaka uliofuata kamati ya maji ilipata saruji na mabomba ya kujengea chemchemi moja. Moja tu. Chemchemi ya bondeni ilikuwa wazi, maji yake yakitoka chini ya ukingo ambao ng'ombe, watoto na ndoo walishiriki. Adventina aliandika taarifa nzuri kuliko zote nilizopata kusoma. Alieleza nyumba ziko umbali gani, vyoo viko upande gani wa mtelemko, nani aliugua tumbo na lini. Juu yake aliandika, "Chemchemi ya Matofalini." Wiki ya kikao babake akafariki. Kabla ya kwenda msibani alinipa ile taarifa kwa mikono miwili.

"Kaka, naomba uisimamie. Wakiuliza lolote, wewe unapajua kuliko mimi."

"Nenda dada, umzike vizuri mzee wako. Nitaisimamia."

Kikaoni nilikaa nyuma. Taarifa zilisomwa. Ilipofika ya kwetu, mwenyekiti akainua kichwa.

"Matofalini ni wapi? Bwana Afya, wewe ndiye mwenye ramani. Pako wapi?"

Ningesema maneno manne, "Ni pale bondeni, Uswahilini," na kila mtu angeelewa. Wote walikuwa wakipita juu ya bonde lile kila asubuhi. Lakini moyoni niliona Adventina akipongezwa, akina mama wakiimba jina lake, na chemchemi ya bonde langu la miaka saba ikiitwa kwa neno lake.

"Kwenye ramani, mwenyekiti, hakuna mahali panapoitwa hivyo."

Halikuwa uongo, na ndiyo maana nililisema kwa sauti nzuri. Mwenyekiti akaiweka taarifa kando. Saruji ikaenda mlimani, karibu na nyumba za watumishi, ambako tayari kulikuwa na bomba, ingawa lilikuwa likikatika katika. Mmoja wa wajumbe, aliyekaa kule kule, alifurahi sana, na mimi nilipewa soda.

Mvua za masika zikaja na kuhara damu. Wakubwa kwa wadogo wa bondeni waliugua. Tulishinda kule na chokaa ya klorini, tukiweka vijiko kwenye mitungi, tukiwafundisha kuchemsha maji kwa kuni ambazo zilikuwa mbichi. Wagonjwa wazito walibebwa kwenye machela za fito hadi hospitali ya Nyakahanga, mwendo mrefu, na wauguzi wa kule walifanya kazi bila kukaa. Wengi walipona. Bukuru hakupona. Mimi nilikuwa mmoja wa wanne tuliobeba machela yake. Njiani aliomba maji, na Spesioza, aliyekuwa akitembea kando yetu, akaniuliza, "Bwana Afya, nimpe?" Maji yaliyokuwa kwenye kibuyu chake niliyajua yalikochotwa. Nikampa ya kwangu ya chupa, yaliyochemshwa. Alikunywa akasema "waitu, asante," kwa neno la heshima la Kinyambo, kama mtu aliyekaribishwa nyumbani kwa mkubwa. Kesho yake asubuhi akafa.

Adventina aliposikia kuhusu kikao, alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu. Buti zake zilikuwa bado na tope la makaburini tulikomzika Bukuru.

"Katibu wa kamati ananiambia hawakupajua Matofalini. Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akanitazama kama mtu anayesoma mwandiko mbaya.

"Kwa nini, kaka?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi ya kiofisi. Likatoka lingine. "Walikupa viazi," nikasema. "Miaka saba, mimi hawakuwahi kunipa hata kiazi."

Nilitegemea acheke, au anitukane, au aende kwa mkuu wa wilaya. Alifunika uso kwa viganja vyake kwa muda. Kisha akasema, "Kesho asubuhi tunaanza kuchimba. Lete buti."

Nisijisifu, ila usiku huo niliandika barua kwa kamati nikieleza nilichokifanya. Nilipewa onyo la maandishi. Saruji haikurudi, kwa kuwa ilikwishakauka mlimani. Kwa hiyo chemchemi ya bondeni ilijengwa kwa walichokuwa nacho wenyewe, yaani matofali. Mtakaojenga chemchemi bila vifaa, sikilizeni. Chimbeni kufuata maji mpaka mlione jicho lenyewe, pale yanapotoka kwenye mwamba, wala msijenge mahali yanapotokea tu kwenye majani. Pangeni mawe, juu yake kokoto, halafu mfinyanzi uliokandwa mpaka usipitishe hata jasho. Mfereji wa kugeuza maji ya mvua uchimbwe juu, hatua nyingi, na wigo uwekwe ng'ombe wasikaribie. Kwa ukuta tulitumia matofali yaliyoiva sana, yale meusi meusi ambayo wanunuzi huyakataa. Saruji kidogo tuliipata misheni, masalio ya ujenzi, na bomba moja fupi.

Tulichimba wiki tatu. Adventina alipima kwa ile pima maji ya Mzee Evodi, mimi nikiwa shimoni hadi magotini. Na sikilizeni niwaambie ukweli, kwa sababu maandishi ya wazee yanapenda kudai kwamba jasho huosha moyo. Halikuosha. Nilikuwa na hatia, nilikuwa na huzuni ya Bukuru, na bado kila akina mama walipoita "Adventina! Njoo uone hapa!" wivu uliamka upya. Nilitaka waniite mimi. Nilichimba kwa nguvu zaidi ili waniite. Kina baba wakasema Bwana Afya ana mikono. Kwangu haikutosha.

Maji yalipotoka kwenye bomba kwa mara ya kwanza, wakampaka Adventina tope usoni kwa furaha wakamzungusha. Spesioza, akiwa bado kwenye kitambaa cha msiba, akanipa mkono na kusema asante. Sikuweza kumtazama.

Jumatatu iliyofuata nilichora ramani upya, karatasi mpya. Juu ya bonde niliandika Matofalini, kwa wino. Sitaki mfikiri lile neno la zamani lilikufa. Maneno ya namna hiyo hayafi kwa kalamu ya bwana afya. Hadi leo watu wa mlimani wanasema Uswahilini, na siku hizi nasikia vijana wa bondeni wenyewe wanalitamka kwa kujigamba, wakiwa na redio begani, kama jina la timu. Labda wamelichukua liwe lao. Nawaachia ninyi mchunguze. Mimi ninachojua ni kwamba neno hilo, mdomoni mwa anayekaa kule, si neno lile lile mdomoni mwa anayepita juu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Adventina alihamishwa kwenda kufundisha chuoni, mbali. Bonde zima lilimsindikiza hadi stendi. Nilibeba sanduku lake. Aliniambia, "Kaka Novati, sasa Matofalini ni pako." Nilidhani akiondoka wivu utaondoka naye. Badala yake kwa miaka mingi kila nilipofika mlango niliulizwa, "Adventina anaendeleaje?" Nami nikajibu, hajambo, anawasalimu, hata pale ambapo sikuwa nimepata barua.

Wiki moja baada ya kupokea barua yangu ya kupunguzwa, niliteremka Matofalini kuaga. Nilimkuta Spesioza chemchemini, amezeeka, akijaza ndoo. Tulisalimiana. Nikasema, "Mama, kuna jambo nimelibeba miaka mingi." Nikamweleza yote, kikao, swali la mwenyekiti, jibu langu. Nikamwambia kwamba kama si jibu lile chemchemi ingejengwa kabla ya mvua zile. Sikutaja jina la Bukuru. Halikuwa na haja ya kutajwa.

Aliendelea kutazama ndoo mpaka ikajaa, akaisogeza, akaweka ya pili.

"Najua," akasema. "Adventina aliniambia siku ile ile aliyokuuliza. Hakutaka nisikie kwa watu."

"Ulijua? Wakati wote tunachimba?"

"Nilijua. Nilimwambia, yule asikanyage hapa. Nilikuwa na jembe mkononi. Akaniambia, 'Mwache achimbe, mama. Akiondoka leo hatarudi tena, na sisi tutabaki na shimo.'" Akaiweka sawa ndoo chini ya bomba. "Nilikuchukia mpaka maji yakatoka, na baada ya hapo pia. Siku nyingine bado."

Nilikuwa nimekuja na samahani niliyoiandaa vizuri, nikaiona haina pa kuwekwa. Na hata pale, niaminini, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni kilikuwa wivu. Yule binti alikuwa amebeba siri yangu na hasira ya mjane huyu, vyote pamoja, wiki tatu, huku akipima mtelemko na kucheka kwa sauti, na mimi nilikuwa mita mbili kutoka kwake nikihesabu ameitwa mara ngapi.

Ndoo ya pili ikajaa. Spesioza akakunja kata ya majani ya mgomba akaiweka kichwani.

"Basi usisimame tu, Novati," akasema. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina. "Nitwike."

Nikainama, nikainua ndoo kwa mikono miwili, nikamtwika.